Mtoto Asiyejulikana Jinsi: Tuandike Nini Katika Cheti?

Swali la kwanza analoulizwa mkunga mlango wa wodi ya wazazi unapofunguliwa halijabadilika tangu tuanze kazi hii: "Sista, ni mtoto gani?" Bibi aliyekaa kwenye benchi hataki kujua uzito wala saa. Anangoja neno moja tu, wa kike au wa kiume, apige vigelegele na kupeleka habari nyumbani. Karibu mara zote jibu tunalo mara mtoto anapotoka. Lakini katika miaka mingi ya kuzalisha, mara moja moja huzaliwa mtoto ambaye hata ukimtazama kwa makini huwezi kusema. Safari hii tumeamua kuzungumza juu ya mtoto huyo, na hasa juu ya karatasi zake. Tumeamua hivyo kwa sababu wazazi kutoka Kilosa, Kidodi, Zombo na Ulaya (Ulaya yetu hii ya barabara ya Mikumi, siyo ile ya Wazungu) wamekuwa wakituuliza jambo ambalo chuo cha uuguzi hakikutufundisha: cheti cha kuzaliwa kikiandikwa "Ke", naye mtoto akakua mwanamume, je, sheria inaruhusu kukirekebisha?

Kabla ya kuendelea tuweke wazi jambo moja. Hatuzungumzii watu wazima wenye viungo kamili ambao wanataka kuandikwa vingine. Hilo ni suala jingine na lina wasemaji wake. Tunamzungumzia mtoto mchanga aliyezaliwa hivyo, ambaye hakuchagua lolote.

NI HALI GANI HII?

Mimba zote huanza sawa. Mpaka juma la sita hivi, viungo vya uzazi vya mtoto wa kike na vya mtoto wa kiume havina tofauti. Baadaye homoni ndizo zinazovielekeza. Katika njia hiyo ndefu jambo dogo likienda kombo, mtoto huzaliwa na viungo vilivyo katikati. Anaweza kuwa mtoto wa kike ambaye kinembe chake kimekua kama uume mdogo, na midomo ya uke imeshikana kama mfuko wa korodani, kumbe ndani tumbo la uzazi na vifuko vya mayai viko salama. Anaweza pia kuwa mtoto wa kiume ambaye uume wake ni mdogo sana, tundu la mkojo liko chini karibu na msamba, na korodani hazijashuka. Ukimtazama upesi utasema ni msichana. Wako wachache ambao ndani yao kuna chembe za aina zote mbili. Wako pia ambao hawajulikani kabisa mpaka wakati wa kubalehe: msichana mrefu, mwenye matiti, ambaye miaka kumi na sita, kumi na saba inapita bila kuona hedhi, au ambaye tangu utotoni alikuwa na vivimbe viwili vya kinena vilivyoitwa ngiri.

Wataalamu hukadiria kwamba katika kila watoto 4,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, mmoja huwa na viungo ambavyo kwa macho tu huwezi kuvitambua. Basi siyo wengi, lakini siyo hadithi. Kitaalamu siku hizi husemwa mtoto mwenye jinsi tata. Ndugu zetu wa pwani wana neno la zamani, huntha, na wanazuoni wa Kiislamu tangu karne nyingi wameweka taratibu za mirathi kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Hata katika nyakati hizo walijua kwamba watu hawa wapo na kwamba wana haki. Majina mengine yanayotumika vijijini hatutayaandika hapa.

Je, ni laana? La hasha. Mama hakula kitu kibaya, wala baba hakuvunja mwiko. Tunasema hivi kwa sababu tumewaona akina mama wakiondoka wodini alfajiri, mtoto amefunikwa khanga mbili, ili jirani wa kitanda cha pili asije akauliza.

KWANZA CHUMVI, NDIPO CHETI

Kabla ya kufika kwenye sheria, tunaomba kila mzazi asome sehemu hii, maana hapa ndipo watoto hufa.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza homoni inayozuia chumvi ya mwili isipotee katika mkojo. Wako watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa kurithi ambapo tezi hizo haziwezi kutengeneza homoni hiyo, na badala yake hutoa kwa wingi homoni ya kiume. Mtoto wa kike mwenye ugonjwa huu huzaliwa na viungo vinavyofanana na vya kiume. Ndiye aliye wa kwanza kufikiriwa na daktari anapoona mtoto mwenye jinsi tata. Siku za mwanzo anaonekana mzima, ananyonya. Katika juma la pili au la tatu anaanza kutapika, analegea, macho yanabonyea, uzito unashuka. Asipopata dripu ya maji ya chumvi na dawa ya haidrokotisoni upesi, anafariki. Nyumbani watasema ni kuharisha, au ni jicho baya.

Tunakumbuka familia moja, ambayo kijiji chake hatutakitaja. Mama alikuwa amezaa watoto wawili wa kiume, wote wakafariki kila mmoja katika juma lake la tatu. Ukoo wa mume ulikuwa umeanza kumnong'ona. Mtoto wa tatu alizaliwa kwetu, na viungo vyake havikueleweka. Daktari wetu aliposikia habari za wale wawili hakungoja kutapika kuanze. Aliandika rufaa siku hiyo hiyo, na basi la Dar es Salaam lilisimamishwa barabarani Mikumi jioni ile. Vipimo vya damu na picha ya tumbo vilionyesha kwamba mtoto alikuwa wa kike, mwenye ugonjwa huo wa tezi. Na wale kaka zake wawili? Bila shaka walikuwa nao pia. Ila mtoto wa kiume mwenye ugonjwa huu huzaliwa na viungo vya kawaida, hivyo hakuna aliyeshtuka. Wazazi wote wawili hubeba urithi huu bila wenyewe kuugua, na katika kila mimba kuna uwezekano wa mmoja kwa nne kwamba mtoto ataupata.

Binti yule yuko hai. Hunywa vidonge kila siku na ataendelea kuvinywa maisha yake yote, na akipata malaria au homa yoyote kipimo huongezwa. Vidonge vyenyewe havipatikani kila duka la dawa, na hilo ni tatizo kubwa kwa wazazi wa huku kwetu. Akitibiwa vizuri anaweza kuja kuzaa. Sasa fikirini: kama siku ile mtu angetazama kwa haraka na kusema "hongera, mtoto wa kiume," mama angekwenda nyumbani siku ya pili akiwa na furaha, na katika juma la tatu wangechimba kaburi la tatu.

KARATASI YA KWANZA

Mtoto anapozaliwa hospitalini mama hupewa tangazo la kizazi. Humo huandikwa tarehe, mahali, majina ya wazazi, na jinsi. Kutoka hapo karatasi huzaa karatasi. Tangazo huzaa cheti, cheti huzaa jina katika daftari la shule, shule huzaa cheti cha darasa la saba na cha kidato cha nne, halafu kitambulisho cha Taifa. Herufi mbili zilizoandikwa na mkunga aliyechoka saa tisa usiku zitasafiri na mtu huyo mpaka kwenye hati yake ya ndoa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke, na anayefungisha hutazama karatasi.

Zamani safari ya karatasi ilikuwa ya polepole mno. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Watanzania wenye cheti cha kuzaliwa hawakufika 15 katika kila 100. Tangu mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulianza na Mbeya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Mpango huo umeenea mikoa mingi. Mama hapandi tena gari kwenda wilayani. Cheti huandikwa kwa mkono palepale, bila malipo, na habari hupelekwa kwa simu. Sisi tuliokuwa tukiwaona akina mama wakilala mjini Kilosa wakingoja mhuri tunalishukuru jambo hili. Lakini upesi huo unamdhuru mtoto mmoja tu, huyu tunayemzungumzia. Kwake ucheleweshaji wa zamani ulikuwa kinga. Leo anaweza kuwa na cheti kabla hajawa na jibu la daktari.

Basi mjue kwamba sheria yenyewe haiwaharakishi. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, humpa mzazi siku 90 za kusajili kizazi. Siku 90 zinatosha kwa vipimo vingi: damu, picha ya tumbo, na pengine kipimo cha nyuzi za urithi, ambacho hufanyika katika hospitali kubwa. Katika wodi yetu, tukipata mtoto wa namna hii hatubahatishi. Tunaandika katika jalada kwamba jinsi haijathibitishwa, tunamwita daktari, tunampa mama barua ya rufaa, na ile nafasi ya jinsi katika tangazo tunaijaza akirudi na majibu. Kwa bibi anayengoja nje tunasema: "Bibi, mtoto amezaliwa, anapumua vizuri, daktari anataka kumpima zaidi kabla ya kusema." Wapo wanaokasirika. Afadhali akasirike siku hiyo.

Jina nalo linatafutiwa njia. Kiswahili kimetupa majina mazuri yasiyobagua: Riziki, Furaha, Bahati, Amani. Kuhusu ubatizo, wazazi wengine huchelewa kumleta mtoto kanisani wakidhani padre atamkataa au hatajua aandike nini. Kanuni ya 877 ya Sheria ya Kanisa inataja yale yanayopaswa kuandikwa katika kitabu cha ubatizo: jina, mbatizaji, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Jinsi haimo. Na mtoto akiwa katika hatari ya kufa habatizwi kesho, hubatizwa sasa hivi, na mkunga anaweza kumbatiza.

KARATASI IKISHAKOSEA

Tuseme basi kosa limekwisha kufanyika. Mzee mmoja alitujia na mtoto wa darasa la sita. Alizaliwa hospitali nyingine, huko akaandikwa wa kike, na jina lake ni la kike. Sasa sauti imekuwa nzito, korodani zimeshuka, matiti hakuna. Mjue kwamba kwa Wasagara, Wakaguru na Wavidunda ukoo hufuata upande wa mama, hivyo binti ndiye anayeuendeleza. Wajomba walikuwa wamemhesabu mtoto huyu, na mwaka wa kumweka ndani kwa unyago ulikuwa umekaribia. Watu huuliza kwa nini tunasema cheti ni suala la afya. Mtoto yule alikuwa haogi mtoni na wenzake tangu darasa la tatu. Shuleni alijizuia kwenda haja mpaka jioni, hata akaugua njia ya mkojo mara kwa mara. Ndiyo sababu aliletwa. Baba alituuliza: "Sista, akifaulu, nimpeleke bweni la nani?"

Daktari bingwa alithibitisha kwamba ni mvulana aliyezaliwa na tundu la mkojo chini na korodani zilizochelewa kushuka. Hapo sheria yetu ina mlango. Inaruhusu makosa katika daftari la vizazi kurekebishwa, kwa ushahidi. Huyu hakubadilika kuwa mvulana, alikuwa mvulana tangu tumboni na aliyeandika ndiye aliyekosea. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu baba alianza vibaya, siyo kwa kosa lake. Alikwenda ofisini akasema anataka "kubadili jinsia ya mtoto". Afisa mmoja aliposikia maneno hayo alifunga faili, akamwambia jambo hilo halipo Tanzania. Alizungushwa hivyo miezi. Aliporudi na ripoti ya daktari iliyosema wazi kwamba maandishi ya kwanza yalikuwa na kosa, alisikilizwa kwa namna nyingine. Mpaka tunaandika haya shughuli haijaisha, na mtihani wa darasa la saba mtoto aliufanya kwa jina la kike, akiwa amevaa sketi. Alifaulu.

Lakini yuko mtoto mwingine, ambaye mlango huo haumtoshi. Ni yule ambaye madaktari waliomtazama hawakukosea, bali mwili wenyewe una vya pande zote mbili. Au yule ambaye kwa shauri jema kabisa alilelewa wa kike, na alipobalehe mwili ukaelekea upande mwingine. Kwake hatuwezi kusema aliyeandika alikosea. Na sheria yetu haina kifungu kinachomtaja. Afisa wa usajili, hata akiwa na huruma, hana pa kusimama.

MAJIRANI WAMEFANYA NINI?

Uganda walilifikiria jambo hili mapema. Sheria yao ya zamani ya usajili wa vizazi na vifo ilikuwa na kifungu juu yake, na Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 ikakichukua katika kifungu cha 38. Inasema mtoto aliyezaliwa huntha, akiisha kusajiliwa, kisha kwa upasuaji akawa wa jinsi nyingine, na daktari akathibitisha, basi mzazi au mlezi anaweza kuomba na daftari likarekebishwa. Ni hatua njema, maana jambo limetajwa. Lakini sisi tunaofunga vidonda hatuipendi sehemu moja: sheria inasubiri upasuaji. Mzazi anayehitaji karatasi ataomba mtoto akatwe ili aipate, hata pale ambapo mwili hauhitaji kisu. Tena imesema mtoto. Aliyekwisha kuwa mtu mzima haitaji.

Kenya walifika kwa njia ya mahakama. Mwaka 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta alizaliwa mtoto ambaye katika karatasi zake za matibabu, mahali pa jinsi, iliwekwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, na mtoto akaitwa Mtoto A ili kumsitiri. Tarehe 5 Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu. Hakumpa mama yote aliyoyataka. Aliona hapakuwa na ushahidi kwamba aliomba cheti akanyimwa. Lakini alimpa Mwanasheria Mkuu wa Serikali siku 90 aeleze ni chombo gani kitakusanya hesabu za watu hawa, na sheria ya kuwahusu imefikia wapi. Kutoka hapo mambo yakasogea. Mwaka 2017 iliundwa tume. Katika sensa ya mwaka 2019 walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakawa 1,524. Tunadhani walio wengi walijificha. Kisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikamtaja mtoto mwenye jinsi tata waziwazi: ana haki ya kuheshimiwa, kupata matibabu yanayofaa, elimu na uangalizi maalumu, na ni marufuku kubadili au kuondoa kiungo chake bila ushauri wa daktari bingwa wa mambo ya urithi.

Mbali zaidi, Afrika ya Kusini ina sheria namba 49 ya mwaka 2003. Mtu mwenye hali hii huomba marekebisho akiwa na ripoti ya daktari, na nyingine ya mwanasaikolojia au ofisa ustawi wa jamii kwamba ameishi kwa utulivu katika jinsi anayoiomba kwa muda usiopungua miaka miwili. Hapo hapahitajiki kisu. Ujerumani, tangu tarehe 1 Novemba 2013, waliruhusu nafasi ya jinsi iachwe wazi kwa mtoto ambaye hajulikani, na mwaka 2018 wakaongeza neno la kumwandika. Siyo kila la Ujerumani linatufaa. Lakini ile ruhusa ya kuacha nafasi wazi mpaka jibu lipatikane, hiyo tungeiomba hata kesho. Haihitaji bajeti.

Kuna wasomaji watakaouliza Kanisa linasemaje. Hati ya Roma ya mwaka 2019 juu ya malezi, iitwayo "Mwanamume na Mwanamke Aliwaumba", inasema kwamba pale jinsi isipokuwa wazi ni kazi ya madaktari kutoa tiba, na kwamba wazazi hawawezi kuchagua tu wanavyopenda. Na tamko juu ya hadhi ya binadamu la mwaka 2024 linasema kwamba mtu aliyezaliwa na kasoro za viungo vya uzazi hakatazwi kutafuta msaada wa madaktari. Basi mtoto huyu asitumiwe kama kisingizio katika mabishano ya watu wazima, kwa upande wowote.

KISU KISITANGULIE

Wazazi wengi wakishapata rufaa huomba operesheni mara moja, kabla mtoto hajaota meno, ili "mambo yaishe". Tunawaelewa. Lakini kiungo kilichoondolewa hakirudi, na hisia za mahali pale zikipotea zimepotea. Upasuaji wa haraka ni ule wa kuokoa: njia ya mkojo iliyoziba, au korodani iliyobaki tumboni ambayo daktari anaona inaelekea kuwa saratani. Mengine yanaweza kungoja, na mengine hayahitajiki kabisa. Kama wazazi hawana hakika, waombe maoni ya daktari wa pili. Mkunga wa jadi, ngariba, au mtu yeyote wa jando asiguse kabisa. Mvulana mwenye tundu la mkojo chini asitahiriwe, kwa sababu ile ngozi ya mbele ndiyo daktari atakayoitumia kutengenezea njia ya mkojo. Hili tunaliomba sana hasa kwa ndugu zetu Wamasai wa huku, na kwa Wakaguru.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tunayo. Kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya jinsi, afya au namna alivyozaliwa, na cha 6 kinampa haki ya jina na kusajiliwa. Kwa maoni yetu hapo ndipo wabunge wetu wangeweza kuanzia, na kuongeza katika Sura ya 108 maneno machache: kwamba nafasi ya jinsi inaweza kungoja, na kwamba ripoti ya madaktari inatosha kuirekebisha bila mtoto kukatwa wala kuchapwa jina lake magazetini.

Kwa sasa, mzazi anayetaka kurekebisha aanzie kwa daktari, siyo ofisini. Apate ripoti yenye mhuri, inayosema vipimo gani vilifanyika, wapi na lini, na kwamba maandishi ya kwanza hayakuwa sahihi. Achukue tangazo la kizazi la asili, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na barua ya shule. Aape mahakamani hati ya kiapo, yeye na mtu mwingine aliyemjua mtoto tangu kuzaliwa. Kwa huku kwetu bibi mzaa mama ni shahidi mzuri. Ndipo aende kwa msajili wa wilaya, ofisi ya Katibu Tawala, Kilosa, ambako maombi hupelekwa RITA. Jina likihitaji kubadilishwa, hilo ni shauri la pili, na wakili au wasaidizi wa sheria watamwelekeza. Akifika ofisini aombe kuzungumza faragha, mtoto abaki nje.

Na nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani kwa mtu mwingine, mahali pa juu. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 yaliingia majumbani mwa watu Kilosa, na mpaka leo tunapokea wazazi ambao tangazo la kizazi lilikwenda na sanduku.